Unataka kununua kiwanja Ngara au Biharamulo? Soma hapa kwanza



Napokea simu nyingi kutoka kwa ndugu na marafiki walioko Dar, Mwanza, Arusha na hata nje ya nchi. Swali ni lile lile: "Kaka, nina milioni kadhaa, nataka kuwekeza huko kwenu kwenye viwanja na nyumba za kupangisha, nianzie wapi?" Nimerudia maneno hayo hayo mpaka nimechoka, kwa hiyo nimeona bora niyaandike mara moja, anayeuliza nimwelekeze hapa.

Nijitambulishe kidogo. Mimi siyo mwanasheria wala siyo afisa ardhi. Nimekulia Ngara, nina vyumba vya kupangisha pale mjini, na nimesindikiza watu wengi kwenda kuangalia ardhi kuanzia Rulenge na Benaco mpaka Nyakahura, Nyakanazi na Biharamulo mjini. Siyo dalali, hakuna mtu anayenilipa asilimia. Yale ya sheria ninayoandika hapa mpelekee wakili wako ayathibitishe kabla hujatoa hata senti.

PESA ZA HUKU ZINAKUJA KWA MAWIMBI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote na ndilo wageni hawalijui. Mtu anakuja, anakuta malori yamejipanga, gesti zimejaa, anaambiwa "hapa patakuwa kama Kahama", anatoa hela. Sisi tuliokaa huku tumeshaona filamu hii mara kadhaa.

Kwa wasiokumbuka: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya mikoa. Baadaye zikaja kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, na Lukole ya Warundi. Mashirika ya misaada yakaja na magari yao meupe, yakataka nyumba za wafanyakazi, ofisi na maghala. Kodi za nyumba Ngara zilipanda ambavyo hakuna aliyewahi kuota. Mwalimu au karani wa wilaya akaondolewa chumbani ili apangishwe dereva wa shirika. Waliokuwa na uwezo wakajenga haraka haraka, wengine kwa mikopo.

Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 mwezi huo huo. Wakaondoka. Warundi wa Lukole walibaki mpaka miaka ya 2000, nao wakarudi. Nyumba zikabaki. Waliorudisha pesa zao ni wale waliojenga mapema, na wale waliojenga nyumba ambayo mwalimu au nesi wa kawaida angeweza kuipanga baada ya wageni kuondoka. Aliyejenga jumba la vyumba sita kwa ajili ya "wazungu" alikaa nalo.

Biharamulo nao wana yao. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 kampuni iliyokuwa inauendesha ikaacha na kuukabidhi kwa shirika la serikali, STAMICO, na sasa unaitwa STAMIGOLD. Miaka nane tu. Ukijenga nyumba ya kupangisha ambayo itarudisha pesa yako baada ya miaka kumi na tano, halafu mteja wako mkubwa ana miaka nane ya kuishi, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiona.

Sasa hivi wimbi linaloongelewa ni nikeli ya Kabanga. Nikeli hii inajulikana tangu miaka ya 1970. Zimepita kampuni kubwa kubwa duniani, zikachimba mashimo ya utafiti, zikaondoka. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi zilifutwa. Januari 2021 serikali ikasaini mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel ambayo serikali ina hisa asilimia 16, na leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa mwaka huo huo. Mwaka 2022 BHP wakaweka pesa, mwaka 2025 wakajitoa. Sisemi mgodi hautakuwepo. Nasema babu zetu walisikia habari zake, baba zetu wakasikia, na sisi tunasikia. Na ujue pia kiwanda cha kusafisha madini hayo kimepangwa kujengwa Kahama, kwa hiyo siyo ajira zote zitakaa Ngara. Halafu, mgodi uko upande wa Bugarama, siyo pale mpakani Kabanga penye njia ya kwenda Burundi. Najua watu waliouziwa kiwanja mpakani kwa bei ya "karibu na mgodi". Jina moja, sehemu mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: wageni wakiondoka, nani atabaki analipa kodi ya chumba hiki? Ngara mjini jibu ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, wafanyabiashara wa soko. Rusumo na Kabanga mpakani ni mawakala wa forodha, watumishi wa uhamiaji na TRA, wapakiaji mizigo, mama lishe. Nyakanazi ni barabara yenyewe. Ukitoka Kahama, pale ndipo unapochagua: ushike kushoto kwenda Kakonko na Kigoma, au uendelee Lusahunga kuelekea Rusumo au Biharamulo. Malori yatapita tu, iwe kuna mgodi au hakuna. Kama ningeulizwa niweke pesa sehemu moja ya biashara katika wilaya hizi mbili, ningeangalia Nyakanazi kwanza, ila viwanja vya mbele pale bei zake zimeshachangamka na vina tatizo lake nitakalolisema chini.

Angalizo kuhusu gesti. Zamani dereva wa lori alikuwa analala mpakani siku kadhaa akisubiri karatasi. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilifunguliwa rasmi, upande wa Tanzania na wa Rwanda wanafanya kazi sehemu moja, na Kabanga na Kobero nako wakaingia kwenye mfumo huo. Lengo la vituo hivi ni kwamba dereva asilale. Kila saa inayopungua mpakani ni kitanda kinachobaki wazi kwenye gesti. Na mwaka 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kisasa ya Uvinza mpaka Musongati, Burundi, ambayo haipiti Ngara. Mzigo wa Burundi ukipanda treni kule Kigoma, wa Kabanga utapungua. Mtu anayekuuzia gesti mpakani hatakwambia haya.

PIGA HESABU KWANZA

Nitatoa mfano wa karatasini, namba zako weka mwenyewe. Tuseme umenunua kiwanja milioni 2, umejenga vyumba vinne vya kawaida kwa milioni 14. Jumla milioni 16. Unapangisha kila chumba 30,000 kwa mwezi. Watu wanafanya hesabu hii: 30,000 mara 4 mara 12, sawa na 1,440,000 kwa mwaka, wanafurahi.

Sasa toa. Chumba kimoja kitakaa wazi miezi mitatu, na kingine miezi mitatu, hiyo ni 180,000 imekwenda. Zinabaki 1,260,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya serikali kwenye pango, 126,000. Zinabaki 1,134,000. Toa bati lililong'oka, kunyonya choo, kitasa, rangi, na kijana anayekuangalizia nyumba, tuseme 254,000. Umebaki na 880,000. Hiyo ni asilimia tano na nusu ya milioni 16. Pesa yako itarudi baada ya miaka 18.

Hati fungani za serikali za muda mrefu, zile zinazouzwa na Benki Kuu, kwa miaka mingi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hazinyonyewi choo. Sisemi usijenge. Ardhi inapanda bei, na nyumba unaweza kuirithisha. Lakini faida ya huku iko zaidi kwenye kununua ardhi nzuri mapema na kuishika, kuliko kwenye kodi ya vyumba. Kama unahitaji pesa ya kila mwezi ya kula, vyumba vinne Ngara havitakulisha.

Na kama pesa ni ya mkopo, naomba tusimame hapo hapo. Riba ya benki ya kawaida ukiiweka kwenye hesabu ile hapo juu, unaona mwenyewe kinachotokea.

ARDHI UNAYOUZIWA NI YA AINA GANI?

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zilianza kutumika Mei 2001, na zinagawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji, na ya hifadhi.

Viwanja vilivyopimwa vya Ngara mjini na Biharamulo mjini ndivyo rahisi kwa anayeanza. Kina namba, kitalu, ramani ya mipango miji, bikoni, na hati ya miaka 33, 66 au 99. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone ramani kwa macho yako, kisha fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, Bukoba. Upekuzi unakwambia jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na kama kuna mtu ameweka zuio. Usikubali nakala ya hati kwenye simu. Uliza pia kama kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa, maana deni linafuata kiwanja, halimfuati muuzaji.

Sehemu kubwa ya ardhi mtakayotembezwa lakini ni ya kijiji. Hapa ndipo watu wanapigwa. Mwenyekiti wa kijiji peke yake hana mamlaka ya kukugawia ardhi. Halmashauri ya kijiji nayo haiwezi kugawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Na ukinunua kwa mwanakijiji mwenye haki yake ya kimila, uhamisho unatakiwa upitishwe na halmashauri ya kijiji, na wewe uwe raia unayeishi au unayekusudia kuishi au kufanya kazi pale. Kwa hiyo karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti tu, iliyoandikwa chini ya mwembe jioni, ni ushahidi kwamba ulitoa pesa, basi. Omba muhtasari wa kikao wenye majina na sahihi za wajumbe. Ukiweza, muuzaji awe ameshapata hati ya haki miliki ya kimila kwanza, ndipo mnunue.

Mara nyingi utaambiwa kuna "asilimia kumi ya ofisi". Kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji mimi sijaiona asilimia hiyo. Ukidaiwa, uliza kwa heshima imepitishwa na kikao gani, na udai risiti ya serikali. Mara nyingi ukisema neno risiti, asilimia inapungua yenyewe.

Kuhusu vipimo. Huku watu wanauziana kwa hatua, ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Muuzaji akileta kijana mfupi apime, ekari yako imeshaliwa. Nenda na futi kamba, ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita siyo miguu. Kila kona piga picha na uchukue alama za ramani kwenye simu. Minyaa ya mpakani inahama usiku, alama za simu hazihami.

MUUZAJI NI NANI, NA NANI MWINGINE ANA HAKI?

Niwape kisa kimoja. Baba mdogo wangu, mwalimu mstaafu, alipopata kiinua mgongo alipelekewa dili la shamba Nyakahura, karibu na barabara, bei nzuri kupita kiasi. Muuzaji alikuwa mtu mpole, ana karatasi zote, ila alitaka pesa taslimu kabla ya Ijumaa. Baba mdogo alikuwa ameshaamua. Nikamwomba, "Baba, kabla ya benki twende tukawasalimie majirani." Tukaenda. Jirani wa kwanza bibi mmoja anachambua maharage uani. Tukaamkia, tukakaa, tukaongea mvua na mahindi. Nikasema tunataka kununua pale.

"Hapo? Mnanunua kwa nani, wanangu?"

Nikamtaja.

"Mbona anayelima hapo ni mkewe, na mkewe yuko Kahama anauguza mtoto. Anajua?"

Bibi alikuwa na namba ya yule mama. Tukapiga. Hakuwa anajua chochote, na alianza kulia kwenye simu. Baba mdogo hakusema neno njia nzima mpaka tunafika stendi. Zile zilikuwa pesa za miaka 34 ya kushika chaki. Mwaka uliofuata alinunua kiwanja kidogo kilichopimwa, Biharamulo mjini, na sahihi ya mke wa muuzaji ipo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na sheria za ardhi zinamtambua mwenza aliyechangia ardhi hiyo kwa jasho lake, hata kama jina lake halipo kwenye karatasi. Kwa hiyo sahihi ya mke au mume siyo adabu, ni ulinzi wako wewe mnunuzi. Kama mwenyewe alifariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akuonyeshe barua ya mahakama. "Sisi watoto tumekubaliana" haitoshi, maana kuna mtoto mmoja yuko Kigali au Tabora ambaye hajakubaliana.

Na upande wa pili, usiogope kununua kwa mwanamke aliyerithi. Bado kuna wazee watakwambia binti hauzi shamba la ukoo. Mkoa wetu ndio ulikotoka ule uamuzi maarufu: mama mmoja wa upande wa Muleba aliuza mwaka 1988 shamba alilorithi kwa baba yake, shilingi 300,000, ndugu wakamshitaki kwamba mila ya Kihaya hairuhusu. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Sheria ya vijiji ya 1999 nayo imeandika wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Ila sheria ikiwa upande wako haina maana wajomba zake watakuacha ulime kwa amani. Kaa nao kwanza, wasikie, waweke sahihi kama mashahidi.

Kuna jambo jingine la huku mpakani. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita, watu wengi waliondoka ghafla wakaacha mashamba na nyumba. Baadhi walikuja kurudi wakiwa na karatasi kwamba ni raia. Ukiambiwa shamba "lilikuwa la mtu aliyeondoka, sasa ni la kijiji", hilo usiliguse mpaka umeona muhtasari wa mkutano mkuu na umeongea na wazee zaidi ya watatu kila mmoja peke yake.

Majirani wa pande zote nne wasimame kwenye mipaka siku ya kuuziana na wasaini. Pesa ipite benki kwenye akaunti yenye jina la muuzaji. Mkataba uandikwe na wakili, ushuru wa stempu ulipwe, na ujue muuzaji anadaiwa kodi ya mauzo TRA. Bila hiyo kulipwa hamtahamisha jina kwenye hati. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana muuzaji akishapokea pesa yake simu yake huwa haipatikani.

USITEGESHE

Neno hili limetoka Nyamongo kule Tarime, watu waliojenga vibanda na kupanda miti karibu na mgodi wa North Mara ili walipwe fidia. Limeshafika Ngara. Kuna watu wanauza vipande vya shamba upande wa Bugarama kwa maneno haya: "Jenga hata chumba kimoja cha tope, ukifanyiwa tathmini unalipwa mara tano."

Fidia inalipwa kwa kilichokutwa siku ya tathmini. Mthamini akishaingia na tarehe ya ukomo ikatangazwa, unachojenga au kupanda baada ya hapo hakihesabiwi. Wanapiga picha kutoka angani, wanajua lipi lilikuwepo. Na aliyekuwepo kihalali kabla ya tarehe ile, anakuuzia kwa nini? Ukiona mwenyeji anaikimbia fidia anayosema ni kubwa, jiulize.

PAMOJA NA HAYO, KUNA MISTARI ISIYOONEKANA

Kwenye barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati kila upande, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Hili ndilo tatizo la viwanja vya mbele Nyakanazi, Lusahunga, Benaco na kwingineko. Fremu unayouziwa inaweza kuwa nusu yake iko barabarani kisheria. Pima mwenyewe kutoka katikati ya lami kabla ya kuongea bei, kisha muulize TANROADS. Ukikuta alama ya X ukutani imepakwa rangi mpya juu yake, umeshapata jibu.

Umeme wa Rusumo, ule wa megawati 80 tunaogawana sisi, Rwanda na Burundi, unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Rusumo mpaka kituo cha Nyakanazi, na kuna njia nyingine kubwa zinaingia pale. Chini ya nyaya hizo hujengi. Muulize TANESCO mkuza unaishia wapi, usihesabu kwa macho.

Mto Ruvubu, Kagera na vijito vyake: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Mashamba ya bondeni yana rutuba na bei rahisi, lakini usinunue ukidhani utajenga.

Na mwisho hifadhi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Pori la akiba lilikuwa na mchezo mchezo wake, hifadhi ya taifa haina mchezo. Ardhi ya bei ya kutupa upande huo, nenda na afisa ardhi akuonyeshe bikoni ya hifadhi iko wapi.

KWA WASIO RAIA

Naulizwa sana na jirani zetu kutoka ng'ambo ya Rusumo na Kobero. Kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitishwa na mamlaka ya uwekezaji ya taifa. Kuandikisha jina la shemeji Mtanzania ni kumpa shemeji zawadi. Siku mkikosana hutakuwa na pa kwenda kulalamika. Lakini kupanga ruksa, na mwenye nyumba unayempangisha mgeni hakikisha kibali chake ni hai na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Uhamiaji wakipita hawamuulizi yeye peke yake.

UKISHANUNUA

Kabla ya kujenga ulizia maji. Ngara mji uko kilimani na maji siyo ya kutegemea, kwa hiyo chumba chenye tenki la kuvuna mvua kinapangishika kuliko chenye marumaru. Tofali za kuchoma zinapatikana, ila lipia tofali zilizokwisha kutoka tanurini, siyo zilizo mbichi. Mapaa yafungwe vizuri, kilimani upepo haucheki.

Kila chumba kiwe na mita yake ya LUKU kama unaweza. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kisheria mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji akiilipa mrudishie au punguza kwenye pango. Ugomvi mwingi wa wapangaji ninaoujua umeanzia kwenye mita moja ya watu wanne.

Mwandikishe mpangaji mkataba hata wa ukurasa mmoja. Miezi mitatu mbele inatosha. Kudai mwaka mzima kwa mwalimu aliyeripoti juzi kituo cha kazi ni kumfukuza, na mwalimu ndiye mpangaji asiyehama.

Ikitokea mgogoro, anzia baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye kesi za ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Bado kuna makaratasi ya "hukumu" za kata yanatembezwa na wauzaji. Angalia tarehe yake.